Umra na Watoto Wachanga: Mzigo wa Safari ni wa Nani?

Suala hili limeulizwa katika darsa yetu baada ya sala ya Isha, na kwa kuwa aliyeuliza si yeye peke yake mwenye haja ya jawabu, tumeona ni bora liandikwe ili lisomwe na wengi. Kijana mmoja, ambaye Mwenyezi Mungu amemruzuku mke mwema na watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miezi 8 ambaye angali akinyonya, amekusudia kwenda Umra katika mwezi wa Ramadhani. Mkewe ataka kufuatana naye. Mamake kijana asema watoto wote wawili waachwe kwake, hapa Mombasa. Mama mkwe asema mtoto wa ziwa hatengwi na mamake. Na rafiki zake wamemwambia aende peke yake, kwani mwenye kuchukua watoto wachanga, kwa maneno yao, hapati ibada. Yeye auliza: katika maneno haya yote, lipi ndilo la haki?

Kwanza yatupasa tuwaondolee watu shaka moja. Kumchukua mtoto mchanga katika safari ya ibada si jambo lililokatazwa, wala si bidaa, wala si upungufu wa adabu mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Imam Muslim amepokea kwa njia ya Ibn Abbas ya kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alikutana na msafara mahali paitwapo Rauhaa, na mwanamke mmoja akamnyanyua mtoto wake, akauliza kama huyu naye ana Hija. Akajibiwa ya kuwa anayo, na yeye mama ana ujira wake. Basi zingatia, ewe ndugu: aliyenyanyua ni mama, aliyeuliza ni mama, na ujira uliotajwa ni wa mama. Baba wa mtoto yule hakutajwa. Huenda alikuwako, na huenda hakuwako. Lakini mwenye mtoto mikononi ndiye aliyepata bishara.

Na mwenye kudhani ya kuwa mwanamke mwenye watoto wadogo si mtu wa safari, na asome khabari za Asma binti Umais. Huyu alitoka Makka pamoja na mumewe, Jaafar bin Abi Talib, wakavuka bahari kwenda Uhabeshi katika miaka ya mwanzo ya Uislamu, wakikimbia udhia wa Makureshi. Huko alizaa watoto wake, na Abdullah bin Jaafar ni mmoja wao. Alikaa ugenini miaka mingi, nchi si yake, lugha si yake, akilea. Hata mwaka wa 7 wa Hijra wakapanda jahazi tena, wakarejea, wakamkuta Mtume (s.a.w.) wakati wa Khaibar. Siku moja alikuwa kwa Bibi Hafsa, Sayyidna Umar akaingia, akauliza ni nani huyu, kisha akasema: ni yule wa Uhabeshi, ni yule wa baharini? Akamwambia ya kuwa wao waliohamia Madina wamewatangulia wale wa jahazini, na kwa hiyo wana haki zaidi kwa Mtume. Bibi Asma akakasirika. Akamjibu ya kuwa nyinyi mlikuwa naye, akimlisha mwenye njaa wenu na akimwaidhi mjinga wenu, nasi tulikuwa katika nchi ya mbali na ya watu wenye kutuchukia. Akaipeleka khabari ile kwa Mtume mwenyewe, naye akahukumu ya kuwa Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili. Khabari hii imo katika Bukhari.

Sisi watu wa pwani, ambao babu zetu walijua maana ya kulala jahazini na watoto, twapaswa kuifahamu kuliko wengine. Na si hiyo tu. Katika mwaka wa 10, Bibi Asma huyu huyu, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Sayyidna Abubakar baada ya Jaafar kufa shahidi huko Muuta, alitoka kwenda Hija ya kuaga naye ni mja mzito, akajifungua Dhul-Hulaifa, nje kidogo ya Madina. Hakurudishwa nyumbani. Aliamrishwa aoge, ajifunge kitambaa, na ahirimie. Mtoto alikuwa Muhammad bin Abibakar.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi huliruka. Safari ya kwanza ya Bibi Asma ilikuwa ni ya dharura, ya kukimbia na dini yake. Na safari ya Hija ile ilikuwa pamoja na Mtume, mara moja tu katika dunia. Safari ya kijana wetu si hiyo wala si ile. Yeye ana nyumba, ana amani, na Umra haina mwaka wake mmoja ambao ukimpita imempita. Katika madhhabu yetu ya Imam Shafii, Umra ni wajibu mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, lakini wajibu wenyewe una wasaa: aliyeazimia kuitekeleza na akaiakhirisha kwa sababu njema hana makosa. Basi kwake yeye suala si kama yafaa au haifai. Yafaa. Suala ni kwamba safari hii, aliyoichagua kwa khiari yake, ni nani atakayelipa mashaka yake?

Mafakihi wetu wameligusa jambo hili kwa njia ambayo huenda msomaji hakuitazamia. Imam Nawawi katika Majmuu amelitaja suala la mtoto mwenye mali yake mwenyewe, mathalan yatima aliyerithi, akichukuliwa Hija na walii wake. Gharama iliyozidi juu ya ile ambayo mtoto angaliitumia akikaa nyumbani, je, itolewe katika mali ya mtoto? Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba haitolewi. Ziada ile ni juu ya walii. Na sababu yake ni kwamba mtoto hakuwa na haja ya kusafiri sasa. Angaliweza kungojewa mpaka abaleghe. Walii ndiye aliyemtia safarini, basi walii alipe.

Twaomba msomaji alishike neno hili. Wanavyuoni hawakumkataza walii kumchukua mtoto. Wala hawakusema safari haina kheri kwa mtoto. Walichokisema ni kwamba haja hii ni yako wewe mkubwa, si ya huyu mdogo, basi usimtoze. Na ikiwa ndivyo ilivyo katika dirhamu, ambazo hupotea zikapatikana tena, itakuwaje katika usingizi wa mtoto, na maziwa yake, na afya yake? Mwenye kumwamsha mtoto wa miezi 8 usiku wa manane ili yeye apate nafasi karibu na Kaaba, amelipa thawabu zake kwa mali ya mtoto.

Twasema hivi kwa kuwa twaona mambo. Watoto wasiotimia miaka 2 huchukuliwa ndegeni kwa takriban sehemu ya kumi ya nauli ya mtu mzima, na wapo watu ambao hukimbilia kusafiri kabla ya siku ile haijafika, wakisema tumchukue sasa angali rahisi. Rahisi kwa nani? Nauli ile ni ndogo kwa sababu mtoto hana kiti. Kiti chake ni mapaja ya mamake. Na ndege ishukapo, masikio ya mtoto huuma, kwani hewa ya ndani hubadilika na yeye hajui kumeza mate kama wewe, na dawa yake ni kunyonya wakati ule. Kwa hiyo mama hushuka Jidda hali hajalala, na baba ameshuka amelala vizuri, kisha huyu baba ndiye aonaye ya kuwa wanachelewa.

Tena ipo khabari ya chanjo. Nchi yetu ya Kenya yahesabiwa katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na mtu atokaye hapa huulizwa cheti chake. Chanjo hiyo kwa kawaida haipewi mtoto kabla ya miezi 9, na cheti huanza kufaa siku 10 baada ya kuchanjwa. Surua nayo, katika mpango wa chanjo za watoto hapa kwetu, huchanjwa mwezi wa 9 na tena mwezi wa 18. Mtoto wa miezi 8 basi yuko mlangoni, hajaingia. Twamshauri kijana wetu amwendee daktari kwanza na mwenye kuuza tikiti baadaye, wala asifanye kinyume chake. Pasi pia huwa ya mtoto mwenyewe, siyo tena jina lake kuandikwa katika pasi ya mamake kama ilivyokuwa zamani, na kuipata huchukua muda. Haya ni mambo madogo, na hatutaki kuyarefusha.

Turudi kwenye maneno ya wale rafiki, ya kuwa mwenye watoto hapati ibada, na kwamba ni bora mume aende peke yake. Hoja yao kubwa ni fadhila ya Umra ya Ramadhani, ambayo thawabu zake zalingana na za Hija. Fadhila hiyo ni kweli, ingawa haimwondolei mtu faradhi ya Hija. Lakini je, waijua asili yake? Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa Mtume (s.a.w.) alimwuliza mwanamke mmoja wa Ansari ni kitu gani kilichomzuia kuhiji pamoja nao. Akasema walikuwa na ngamia wawili tu: mumewe na mwanawe wamekwenda juu ya mmoja, na wa pili ameachwa nyumbani wa kutekea maji. Hapo ndipo alipoambiwa ya kuwa ikija Ramadhani afanye Umra, kwani Umra ndani yake yalingana na Hija. Basi neno hili tukufu, ambalo leo mume hulitumia kumwacha mkewe nyumbani, lilitamkwa mara ile kumwambia mke aliyeachwa nyumbani! Lilitoka kwa ajili ya mwanamke ambaye wanaume wa nyumba yake walikuwa wamepanda ngamia wakaenda zao, naye akabaki na kazi ya maji. Sisi hatusemi ya kuwa mume akienda peke yake ametenda dhambi. Twasema tu ya kuwa asiitumie hadithi ile kuwa ndiyo hoja yake.

Na kuna jambo lililo baya kuliko kumwacha mke nyumbani, nalo ni kumchukua ukamwache huko huko. Tumesikia, na wasimulizi si mmoja wala wawili, khabari za wanawake wa mji wetu waliokwenda Makka siku 14, mume akiwa safu za mbele kila sala na kila Tarawehe, na mke yumo chumbani na watoto, akiuona mnara wa Msikiti Mtukufu kupitia dirishani. Alifanya Umra yake siku ya kwanza, kwa haraka, mtoto akilia mgongoni ndani ya leso. Kisha akafua, akapika uji katika kijiko cha umeme, akangoja mlango ugongwe. Akirudi Mombasa aulizwa, Hababa, Makka yakoje? Naye atasema nini? Amelipa nauli kamili, na amebadilisha jiko tu.

Bwana huyu, lau angalisoma, angalijua ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu hali amemchukua Umama, mtoto wa binti yake Zainab, akisujudu humweka chini, na akisimama humchukua tena. Angalijua pia ya kuwa alikuwa akiingia katika sala hali ataka kuirefusha, kisha akisikia mtoto alia huifupisha, kwa kuwa ajua uchungu wa mamake. Imamu wa mitume afupisha sala kwa kilio cha mtoto asiyekuwa wake, na baba mzazi ashindwa kukosa Tarawehe moja! Dawa yake ni nyepesi: iwe zamu. Usiku huu mume akae na watoto, mke aende Haram, atufu, alie, aombe, hana mtu wa kumvuta nguo. Usiku wa pili abadilishane naye. Ikiwa mume aliona zamu hii ni mzigo mkubwa, basi na ajue ya kuwa mkewe alikuwa akiuchukua mzigo huo huo kila siku, na hakuna aliyeuita mkubwa.

Hapa pia yafaa kutaja mas-ala ya tawafu, kwani wengi hukosea. Mtoto mchanga asiyepambanua hunuiliwa ihramu na walii wake, na Umra yake husihi ikawa ni sunna. Lakini si lazima kumtia katika ihramu. Waweza kumchukua tu kama umchukuavyo sokoni. Ukimtia, basi zingatia: ukimbeba katika tawafu yako mwenyewe ukanuia wewe na yeye pamoja, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhhabu yetu ni kwamba tawafu ile huwa yako peke yako, na ya mtoto bado. Kwa hiyo mizunguko huwa 7 yako na 7 yake, jumla 14, na uzito wa mtoto juu ya bega. Na tawafu kwetu yataka tahara kama sala, basi mwenye kubeba mtoto mwenye nepi chafu amebeba najisi. Baba ambaye hajui kubadilisha nepi na ajifunze Mombasa, asingoje mpaka afike Makka.

Ama shauri la mama wa kijana, kwamba watoto waachwe kwake, twalitofautisha. Yule wa miaka 3, ikiwa amemzoea nyanya yake, na nyanya ana nguvu na ameridhika kwa moyo wake, si kwa kumwonea haya mwanawe, hapana ubaya aachwe majuma mawili. Huenda ndiyo raha yake, kwani Haram katika Ramadhani ni bahari ya watu, na mtoto wa umri huo hana subira ya kukaa wala miguu ya kwenda. Hata huko kwenyewe watoto hufungwa vitambulisho mkononi ili akipotea mmoja apate kurudishwa. Lakini yule wa miezi 8 hatuoni njia ya kumwacha. Katika Sura ya Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha, akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake wala baba asidhuriwe, kisha akasema ya kuwa wazazi wakitaka kumwachisha kabla ya hapo, basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana baina yao. Lo! Katika jambo dogo la kumwachisha mtoto ziwa, Mola hakuliacha kwa baba peke yake wala kwa mama peke yake, amewaamrisha washauriane. Seuze kumchukua ng'ambo ya bahari? Na katika darsa yetu, ndugu zangu, kijana alitueleza rai ya mamake, na ya mama mkwe, na ya rafiki zake watatu. Rai ya mkewe aliisema kwa neno moja: ataka. Ataka nini? Ataka kwenda sasa, au ataka kutoachwa nyuma? Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na hajaulizwa.

Wako watakaosema ya kuwa mtoto huyu hatakumbuka kitu, basi faida gani? Hili kwetu si hoja. Saib bin Yazid alipelekwa Hija pamoja na Mtume naye ni wa miaka 7, akakumbuka hata akaja kuyapokea hayo kwa watu, na mtoto wa miezi 8 hatakumbuka. Lakini kutokumbuka hakuondoi haki. Hatakumbuka pia homa utakayomwuguza, wala jua utakalomchoma. Wale wanaowavalisha ihramu watoto wachanga, wakawapiga picha mbele ya Kaaba na kuituma kwa jamaa wote kabla mtoto hajanyonya, nao wanajua ya kuwa hatakumbuka. Picha ile si ya mtoto.

Kijana aliuliza tena: je, ningoje? Sisi twaona kungoja kwa mwaka mmoja au miwili si hasara, bali huenda ndiyo fikihi yenyewe. Mtoto atakuwa ameachishwa, chanjo zake zimetimia, na mkubwa ataweza kutembea na kuuliza. Ramadhani ya miaka hii nayo imeangukia miezi ya baridi kule Hijazi, na itazidi kuingia humo, basi anayengoja hakimbizwi na joto. Ama Hija ni jambo jingine. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipita digrii 50 na watu zaidi ya 1,300 walikufa, na mwaka 2025 Wizara ya Hija ya Saudia ilitangaza ya kuwa watoto hawataruhusiwa kufuatana na mahujaji, kwa ajili ya msongamano. Mtu asiseme hukumu ile imekwenda kinyume na hadithi ya Rauhaa. Msafara ule ulikuwa wa jangwani, watu wakisalimiana na kuulizana nyinyi ni nani. Si watu zaidi ya milioni moja katika njia moja.

Na ikiwa wote wawili, baada ya kushauriana kwa haki, wameona waende sasa na mtoto wao, basi na waende kwa jina la Mwenyezi Mungu, wala asiwavunje moyo mtu. Wapunguze siku. Wachague nyumba iliyo karibu na Haram, hata ikiwa ni ghali, na kama fedha haitoshi kwa nyumba ya karibu basi haikutosha kwa safari ya watoto. Wafanye Umra usiku, mtoto akiwa amelala na ameshiba. Wasikope.

Kijana ametuuliza pia kama aweza kumchukua mamake pamoja nao, ili amsaidie mkewe kulea. Kumchukua mama kwenda Umra ni katika wema mkubwa. Lakini amwulize kwanza mamake kama ajua ya kuwa aalikwa kwenda kulea, maana yeye mwenyewe hajapata kuiona Kaaba.